Generoza Aliyeruka Mstari

Mimi nauza vitenge pale barabarani Nyakahura, na biashara ya vitenge ina ubaya mmoja: wateja hawana haraka. Mwanamke anakikunjua, anakipima kiunoni, anakirudisha, anakichukua tena, na katikati ya hayo yote anakumwagia habari za nyumbani kwake mpaka za chini ya kitanda. Kwa hiyo watu nawajua. Wengi wao, niseme ukweli, hawanishughulishi. Lakini Generoza nitamwandika, hata kama akisikia ataninunia, maana ni mtu asiyetaka kutajwa kwa jema wala kwa baya.

Jina lake kamili ni Generoza Mukeshimana. Ni mfupi, mabega mapana, na akitembea utadhani kuna mahali anachelewa. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi na wimbi moja la zamani la wakimbizi, yeye akiwa bado tumboni. Akazaliwa upande huu, Ngara, akakulia katika mashamba ya watu akilima kibarua. Shule aliiacha darasa la nne. Kiswahili chake kina nguvu, ila l na r kwake ni mapacha, anachukua aliye karibu. Na nisijifanye. Sisi watoto wa mzee Maulidi, ambao babu zetu walifika Biharamulo na bidhaa kutoka pwani na mpaka leo tunajiona ndio wenye lugha, siku hizi nami najikuta nasema "kurima" mbele za watu, na ulimi hauoni haya.

Mumewe anaitwa Hategekimana, lakini hakuna anayemwita hivyo. Ni Mwalimu. Ni mrefu, mkavu, shati lake limefungwa vifungo mpaka shingoni hata wakati wa jua kali. Miaka yake yote ya kazi alifundisha Kilatini katika seminari ndogo moja upande wa Ngara. Kilatini! Mara ya kwanza kulisikia neno hilo nilidhani ni dawa ya kuogeshea ng'ombe. Baadaye ndipo nikaelezwa kwamba ni lugha ya Warumi wa kale, hakuna tena anayeitumia kununulia chumvi sokoni, lakini mapadri wanaihitaji.

Kukutana kwao nilisimuliwa na Mwalimu mwenyewe, dukani kwangu, kabla ya ugonjwa. Seminari ilikuwa na shamba la maharage, na Generoza alikuwa mmoja wa vibarua. Mwalimu alikuwa kijana mwenye ukaidi wake: aliamini kwamba somo lililoingia mtoto akiwa amekaa litatoka akisimama. Basi aliwatoa wanafunzi nje, wakawa wanapalilia huku wanaimba maneno, jembe moja neno moja. Siku hiyo alitafuta mfano, akainua macho, akamwona msichana ameinama tuta la ng'ambo. Akanyoosha kidole.

"Laborans!"

Wanafunzi wote wakaitikia kwa sauti, "Laborans!"

Generoza akaweka jembe chini. Akavuka matuta yote yaliyokuwa katikati, akasimama mbele ya Mwalimu, jasho linamtiririka. "Umeniitaje?"

"Mama Yunusu," Mwalimu aliniambia, "sijawahi kufundisha somo kwa hofu namna ile."

Alimweleza kwamba si tusi. Asili ya neno hilo ni kitenzi, laborare, kufanya kazi, na maana yake ni mtu anayefanya kazi sasa hivi, jembe likiwa bado mkononi, si jana wala kesho. Lakini likishatoka kwa kitenzi linakwenda kuishi na majina ya watu na vitu. Ni kama binti aliyeolewa, akamwambia. Ule wakati wa sasa hivi ameuchukua kwa baba yake, kitenzi, lakini nguo anavaa za ukweni, na anazibadilisha kila majina yanapobadilisha. Akazitaja nguo hizo hapo hapo shambani, mistari sita: laborans, laborantis, laboranti, laborantem, laborans, laborante. Wa kwanza ni wa mfanyakazi mwenyewe, awe mwanamume, mwanamke au punda, neno ni lile lile. Wa pili ni wa kusema kitu ni chake. Wa tatu ni wa kumpa. Wa nne ni wa kumwona, au kumpiga, au kumpenda. Wa tano ni wa kumwita. Wa sita ni wa kusema jambo limefanyika kwa mkono wake.

Generoza alisikiliza mpaka mwisho. "Basi wewe umeniita kwa huo wa tano," akasema.

"Ndiyo."

"Na umeniita bila hata kuniuliza habari za kazi."

Akarudi kwenye tuta lake. Mwalimu akawa anatafuta visingizio vya kufundisha somo hilo hilo, shamba hilo hilo, mpaka maharage yakavunwa, na wanafunzi wakaanza kucheka.

Walioana. Mwalimu alipostaafu wakahamia huku Nyakahura, wakapata eneo, wakapanda migomba na maharage na kahawa kidogo. Mtoto aliyebaki nao ni mmoja, Odeta. Mwalimu hakuweza kukaa bila kufundisha. Kila mwaka walikuwepo vijana wanaotaka kwenda seminari, na barazani kwake kulikuwa na kelele za Kilatini kutwa nzima. Generoza alikuwa analima hatua chache kutoka hapo. Hakukaa darasani hata siku moja. Kanuni hazijui na hajawahi kujifanya anazijua. Lakini mistari ile ilimwingia kwa njia ya jembe. Ukimpitia shambani ungesikia jembe linashuka na mdomo unashuka nalo, la-bo-rans, la-bo-ran-tis, na ukimuuliza anasema nini anashtuka, kumbe hakujua kama anasema.

Halafu kiharusi kikampata Mwalimu.

Ilikuwa asubuhi, anavaa viatu. Mdogo wake, Bukuru, mwenye pikipiki za bodaboda kule Ngara mjini, alikuja mbio akatafuta gari, akampeleka kaka yake hospitali na akakaa naye huko kama mtoto wake. Nalisema hili mapema kwa sababu mbele nitamsema Bukuru vibaya, na nataka ijulikane kwamba si mtu mbaya. Mwalimu alipona mguu nusu na mkono nusu. Sauti ilirudi. Kilichopotea ni maneno. Katika maneno yote aliyokuwa nayo, ya Kirundi, ya Kihangaza, ya Kiswahili na hicho Kilatini chake, yalibaki mawili tu, nayo ni neno moja limerudiwa: sawa sawa.

"Mwalimu, umeamkaje?"

"Sawa sawa."

"Unaumwa wapi?"

"Sawa sawa." Na machozi yanamtoka.

Mtu anayeweza kusema sawa tu, ndugu zangu, dunia humla mzima mzima. Bulugu mnunuzi wa mifugo alipita, akamkuta peke yake barazani, akauliza kama yule beberu anauzwa. Sawa sawa. Kamba ikafunguliwa. Generoza alimfuata Bulugu mpaka mnadani, akampokonya beberu mkononi mbele ya umati, na sitaandika maneno aliyoyasema kwa sababu kitabu hiki huenda kikasomwa na watoto. Wachungaji wakauliza kama ng'ombe wapite kwenye maharage. Sawa sawa. Jirani akauliza kama akate mgomba wa mpakani. Sawa sawa. Na Mwalimu anajua! Hilo ndilo lililokuwa likiniuma mimi. Ungemwona usoni anajua kabisa kwamba anataka kukataa, na mdomo unamsaliti.

Generoza akaanza kumbeba kwenda naye shambani kila asubuhi. Si kumbeba mgongoni. Alimshika kwapani, hatua kwa hatua, akamkalisha kwenye kigoda mwisho wa tuta, kofia kichwani, ili asibaki nyumbani akagawa mali.

Katikati ya mambo hayo ndipo Odeta akaposwa. Kijana alitoka Nyabusozi, fundi wa sola, mpole, na Odeta alimpenda. Hapo hapakuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa mila ya ukoo wao. Kwa ukoo wa Mwalimu, siku ya kumtoa binti, msemaji husema maneno yote marefu, lakini neno la mwisho ni la baba. Baba akiwa hai lazima amtaje binti kwa jina na aseme kwa kinywa chake kwamba anamtoa. Akishasema, chungu cha pombe ya ndizi kinafunguliwa, na mrija wa kwanza anapewa yeye. Kama hawezi kusema, anasema ndugu yake. Na mrija wa kwanza unamfuata aliyesema. Si siku hiyo tu. Kuanzia hapo nyumba ni yake: shamba likiulizwa anaulizwa yeye, msiba ukitokea anaulizwa yeye, na baba mwenyewe anakuwa wa kukalishwa vizuri na kuletewa chakula.

Bukuru alikuja akalisema waziwazi, kwa upole. "Shemeji, mimi nitasema. Kaka amebaki wa sawa sawa tu, na sawa sawa si neno la kumtoa binti. Tusimwaibishe mbele ya watu."

Generoza alikuja dukani siku hiyo akashika kitenge cha bluu bila kukiangalia. "Mama Yunusu," akaniambia, "wakishampa Bukuru ule mrija, Mwarimu atakuwa amekufa. Amekufa, na mimi namrisha ugari."

Nilimkatia kile kitenge, akakisahau mezani.

Dada wa mazoezi pale hospitali alikuwa amemshauri ajaribu vitu ambavyo mgonjwa anavijua kwa moyo. Generoza alikuwa amejaribu sala. Baba Yetu walikwenda nayo pamoja vizuri mpaka Amina, na baada ya Amina, sawa sawa. Nyimbo za kanisani hali ilikuwa hiyo hiyo. Alikuwa amekata tamaa ya njia hiyo.

Sasa siku chache baada ya Bukuru kuja, alikuwa shambani ana hasira, analima kama anampiga mtu. Mdomo ukaanza mistari yake ya zamani, bila kufikiri. Laborans. Laborantis. Hapo akasimama ajifute jasho. Nyuma yake, kutoka kwenye kigoda, ikasikika sauti.

"Laboranti."

Hakugeuka. Anasema aliogopa kugeuka, kwamba akigeuka itakimbia. Akainua jembe akalishusha. "Laborantem," ikasema ile sauti. Jembe. "Laborans." Jembe. "Laborante."

Alikuja kwangu anakimbia, na matope miguuni, na wateja wangu wakampisha wakidhani kuna msiba.

Nilifurahi naye, lakini nikaona anafurahi mapema. Na kweli, wakawa wanaimba mistari hiyo kila siku, jembe na kigoda, yeye anaanza, mzee anamaliza, na ikifika mwisho, sawa sawa. Ilikuwa kama zile sala tu. Siku ya kumtoa Odeta inakaribia, na Mwalimu ana maneno sita ya Warumi na hakuna hata moja la kumtoa mtoto.

Hapa najisifu kidogo, mtanivumilia. Generoza alikuwa amekaa kwenye gunia langu ananung'unika, nami nikamsimulia habari za ustadhi aliyetufundisha madrasa utotoni kule Biharamulo. Yule mzee alikuwa analala. Sisi tunasoma kwa sauti, yeye kidevu kimeanguka kifuani, anakoroma waziwazi. Ukisoma vizuri atalala mpaka adhana. Lakini ruka aya moja! Moja tu! Anaamka pale pale, na fimbo juu. Tulikuwa tunajiuliza anasikiaje. Kumbe mtu aliyefundisha kitu maisha yake yote, ukikisoma vizuri ni shuka la kumfunika. Ukikikosea umemvua shuka.

Generoza aliinuka pale kwenye gunia. Akaondoka, hata hakuniaga.

Kesho yake akaanza na jembe kama kawaida. Laborans. Laborantis. Halafu akaruka moja kwa moja mpaka wa mwisho, kwa sauti kubwa, kama mtu asiye na habari: "Laborante!"

"Hapana!"

Neno hilo Nyakahura nzima ilikuwa imelisahau kinywani mwa Mwalimu. Generoza alianza tena, akaruka tena. "Hapana! Rudia!" Akaruka mara ya tatu, na mzee akainuka nusu kwenye kigoda, mkono mzima umenyooka kama yuko mbele ya ubao. "Hapana. Anza mwanzo. Polepole."

Mwanamke huyu, aliyeishia darasa la nne, alikaa chini kati ya maharage akalia mpaka akashiba, na mumewe anamgombeza kwa Kiswahili safi.

Aligundua kwamba hasira ile ya ualimu ikishaamka, mlango unabaki wazi kidogo. Ndani ya upenyo huo akaanza kuingiza maswali. "Binti yako ni nani?" Siku za kwanza, sawa sawa. Siku moja akajibu, "Odeta." Siku nyingine, "Odeta wangu." Ilimchosha; baada ya maneno mawili matatu alilala kama mtu aliyepasua kuni. Lakini Generoza alirudi kesho yake, na kesho yake. Alilima tuta lile lile mpaka hapakuwa na magugu ya kulima, akawa analima udongo mtupu. Nilimwona kwa macho yangu. Nawajua wanawake wavumilivu, hapa kwetu hatuna upungufu wao, lakini wengi wetu tunavumilia kwa kuwa hatuna la kufanya. Yeye alivumilia kwa makusudi, na kila siku alijua anataka nini.

Shida ikabaki moja. Mbele za watu mlango haukufunguka. Bukuru alikuja na Generoza akamwambia asikilize, akaanza, akaruka, na Mwalimu akamtazama mdogo wake, akaona aibu, akasema sawa sawa.

"Shemeji," Bukuru akasema, "umechoka. Pumzika."

"Nipe nafasi siku hiyo. Nianze mimi, yeye atafuata."

"Wakwe wanakuja, sisi tuwaimbie Kilatini? Watasema binti katoka nyumba ya wachawi. Na unajua wanawake hawasemi kabla ya mrija."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Katika shughuli hiyo wanawake wa nyumba hukaa mkekani pembeni, na kuanzia msemaji anaposimama mpaka mrija unapotoka, hawafungui mdomo. Generoza mwenyewe aliishika mila hiyo kuliko wengi. Kwenye ndoa za wengine aliwahi kunikanyaga mguu mimi nikinong'ona.

Siku ikafika. Ua ulikuwa umefagiliwa, turubai limefungwa kwenye migomba, chungu kikubwa katikati kimefunikwa majani. Upande mmoja wakwe kutoka Nyabusozi, mbele yao mzee Kazimili, baba wa kijana, mnene, mwenye adabu, fimbo mapajani. Upande mwingine Mwalimu kwenye kiti chake, shati limefungwa mpaka shingoni, na Bukuru kando yake na koti. Mimi nilikuwa mkekani na wanawake, na soda yangu, Odeta nyuma yetu amefunikwa. Generoza alikaa mbele yangu. Nilikuwa nautazama mgongo wake, na ulikuwa umenyooka mno.

Maneno marefu yalisemwa, wakatupiana mafumbo, wakacheka, wakaafikiana. Kisha Kazimili akasimama, akavua kofia.

"Mwalimu, shikamoo."

"Sawa sawa," akasema Mwalimu.

Baadhi ya vijana waliinama kuficha kicheko. Kazimili hakucheka. "Tumekuja kuomba," akasema. "Wenzako wamesema yote. Limebaki lako. Mtaje mtoto wako, na utuambie kama unatupa."

Mwalimu alifungua mdomo. Alimtazama Kazimili, akatazama chungu, akatazama ule umati wote wa watu waliokuwa wakimsubiri kwa huruma, na huruma ya watu ni kitu kizito sana kukitolea neno.

"Sawa," akasema. "Sawa sawa."

Bukuru akamwekea mkono begani, kwa upendo kabisa, akasimama. "Wazee wangu, mmemsikia kaka. Amesema sawa. Yaliyobaki mimi kama mdogo wake nita..."

"Laborans!"

Generoza alikuwa amesimama. Sikumwona akiinuka. Alikuwa amesimama katikati ya mkeka, mbele ya wakwe, mbele ya ukoo wa mumewe, na mguu wake unapiga chini kama jembe. "Laborantis!"

Wanawake wakamvuta kitenge. Mimi sikumvuta, ila nakiri niliufunika uso wangu kwa ushungi. Nikasikia mtu wa upande wa Nyabusozi akiuliza kama huyu mama ni mgonjwa. Bukuru akasema, "Shemeji! Shemeji, keti!" Na Generoza, aliyewahi kunikanyaga kwa kunong'ona, akapiga mguu mara ya tatu na akapaza sauti mpaka kuku wakakimbia.

"Laborante!"

"Hapana!"

Kila mtu aligeuka. Mwalimu alikuwa amesimama bila kushikwa. Mkono wake mzima ulikuwa juu, kidole kimenyooka, na alikuwa amekasirika, Mwenyezi Mungu awe shahidi, nilikuwa sijaona mtu aliyependeza kwa hasira kiasi kile. "Hapana," akasema. "Laboranti. Laborantem." Akashusha kidole. Akavuta pumzi. Akamgeukia mdogo wake, ambaye bado alikuwa amesimama na sentensi yake nusu, akamwambia polepole, neno moja moja, kama anayepanga matofali.

"Hapana, Bukuru. Kaa."

Bukuru akakaa.

"Odeta," akasema Mwalimu. Nyuma yangu nikasikia mtoto anaanza kulia ndani ya kitambaa. "Mtoto wangu. Ninamtoa. Mimi. Baba yake."

Halafu mzee Kazimili akapiga makofi mara mbili, kwa adabu, akainamisha kichwa, na watu wake wote wakafuata. Vigelegele vilikuwa bado haviruhusiwi, lakini mimi si wa ukoo huo, na nilipiga.

Bukuru ndiye aliyefunua chungu. Alichagua mrija, akaupangusa, akautumbukiza, na kabla hajaufikisha kwa kaka yake alipiga goti. Alimpa kwa mikono miwili, na alikuwa analia wazi bila kuficha, na hapo nikamsamehe yote niliyokuwa nimempangia.

Mwalimu akanywa. Akarudisha mrija. Alikuwa amechoka, na watu wawili wakasogea kumkalisha. Akawazuia. Alikuwa anatafuta kitu kwa macho, upande wetu, mkekani.

Generoza alikuwa ameshakaa. Alikuwa amejifunika kichwa kizima na kitenge, kile kile cha bluu nilichomletea mwenyewe, na mabega yake mapana yalikuwa yamejikunja. Sasa ndipo aibu ilikuwa imemfikia. Alikuwa amesema kabla ya mrija, na alijua litasemwa miaka yote.

"Laborans!" Mwalimu akaita.

Ule ulikuwa mstari wa tano, wa kumwita mtu. Hata mimi nisiyejua Kilatini niliujua, nilikuwa nimefundishwa dukani kwangu.

Kitenge kikashuka taratibu. Mara ya kwanza alipoitwa hivyo, kule Ngara, aliweka jembe chini akavuka shamba kwenda kugomba. Safari hii aliinuka mbele ya watu wote, akajifuta uso, na akavuka ua kumwendea.

"Abee, Mwarimu," akasema.